Debe Lililojaa Nalo Huvuma

Washairi wa pwani wameusifu mnazi, wamelisifu jahazi, wameisifu hata tambuu. Wafugaji wa bara wana nyimbo za ng'ombe mmojammoja, kwa jina na kwa rangi. Debe halijapata mtu. Leo limempata.

Sisemi debe la kupimia mahindi, ambalo lina wenyewe sokoni. Nasema lile linalokaa nyuma ya kiti cha Land Rover 109 yangu, limekatwa ubavu, limejaa spana, waya, mipira na vyuma ambavyo mtu mwenye akili timamu angekuwa ameshaviuza kwa kilo. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Kwa heshima zote, wahenga hawakuwahi kupanda gari langu. Debe hili limejaa mpaka mdomoni na huvuma kuanzia Kimara mpaka Chalinze, na kila tuta la barabarani hulipandisha sauti.

Anayesifiwa hutajiwa kwanza nasaba. Debe lilizaliwa na mafuta ya kula, lita 20, likakulia jikoni. Limebeba maji, limechemsha maharage ya msibani, limepanda mchicha uani. Kitako kilipotoboka, wenzake wakaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, lenyewe likapandishwa cheo likaingia garini. Wengi kutu huwastaafisha. Hili kutu ndiyo iliyolipa ajira. Kwa upande wa ujombani, yaani kwa wauza spea, lina ukoo mpana: lina watu Gerezani, Dar es Salaam, lina wajomba Kirinyaga Road kule Nairobi, na kama ningefika nalo Kampala, soko la Kisekka lingelipokea kama mtoto aliyerudi.

Na gari lenyewe? Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwaka 1948, wakati Uingereza ilikuwa haijapona njaa ya chuma iliyoachwa na vita, hivyo bodi ikaundwa kwa aluminiamu. Ndiyo maana mpaka leo bodi hailiwi na kutu, na chesisi iliyo chini yake inaliwa kwa niaba ya wote wawili. Yangu ni Series III, zilizotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Ni gari lisilo na siri. Linavuja mahali palepale, linagoma kwa sababu zilezile, na kila sababu ina dawa yake ndani ya debe. Anayetaka kulijua gari langu asiniulize mimi wala asisome kadi yake. Alimwage debe chini, asome kimoja kimoja. Hapo ndipo penye ukweli. Mimi mwenyewe nikiulizwa na mtu, husema gari ni zima.

Humo debeni mna koo mbili za spana zisizosalimiana, za inchi na za milimita. Injini hii imezaliwa kwa inchi, lakini imepita mikononi mwa mafundi wengi, na kila fundi aliacha bolti yake. Nati ya nusu inchi ina upana wa milimita 12.7, spana namba 13 huikubali shingo upande, ikazunguka mara mbili kwa adabu, ya tatu ikaila kona. Baada ya hapo hakuna tena spana ya inchi wala ya milimita, kuna praisi tu, na matusi.

Kitu kidogo kuliko vyote humo ndicho chenye makuu, nacho ni pointi. Vijana wa leo hawazijui. Ni vipande viwili vya chuma ndani ya distribyuta vinavyokutana na kuachana. Kila vikiachana, koili hutuma moto kwenye plagi. Injini ya silinda nne ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, pointi hufunguka mara 6,000 kwa dakika hiyohiyo, kwa ufa usiozidi sana unene wa karatasi ngumu, kama milimita 0.4. Ufa ukipotea, gari linamisi, linakohoa, halivuti, halafu linazima palepale ambapo hapana kivuli. Nami nimebeba pointi mpya? Nimebeba. Lakini nimebeba pia pointi za zamani, na za kabla ya hizo, kila moja kwenye kipande chake cha gazeti. Hizi mama watoto huziita takataka. Hajui kwamba pointi iliyoungua ukiisugua kwa ubavu wa kiberiti hurudi kazini, labda kwa kilomita chache, labda mpaka nyumbani. Kondensa yake nayo ina tabia ya ajabu: ikipata moto hufa, ikipoa hufufuka, mpaka fundi akadhani unamdanganya. Kwa hiyo debeni mwangu hakuna spea iliyokufa kabisa. Kuna zilizopumzika.

Kuna vingine visivyouzwa duka lolote la spea. Waya wa kufungia, ambao umeshika bomba langu la moshi muda mrefu kuliko bolti lilizozaliwa nazo kiwandani. Mpira wa tyubu ya baiskeli uliochanwa nyuzi ndefu, unaofunga mpira wa rejeta, unaofunga mlango, unaofunga mizigo, na siku moja ulifunga mbuzi. Kipande cha sabuni ya mche: tangi la petroli likitoboka, unaisugua sabuni kavu kwenye tundu, inashika, kwa kuwa petroli haiyeyushi sabuni kama maji yafanyavyo. Fundi mwenye gereji nzuri akikusikia unasema hivi atacheka. Mwache acheke. Yeye yuko gereji.

Lakini karama kubwa ya debe haimo katika kutengeneza. Kilichomo debeni hakiharibiki garini. Nilipoweka humo pampu ya maji mpya, ile ya kwenye injini, iliyokuwa ikilia wiki nzima, ilinyamaza na haijathubutu tena. Nilipoongeza tyubu, pancha zilikoma. Maana yake debe ni hirizi iliyofungwa kwa chuma, na mwenye gari la zamani anayesafiri bila kuamini chochote sijamwona bado. Tatizo la hirizi hii ni moja tu: shetani naye huchungulia humo kabla ya safari, akaona kipi hakimo.

Hapa ndipo inapoingia habari ya hafu-shafti. Land Rover za zama zile zina sifa ya kukata shafti za nyuma, hasa dereva akiachia klachi kwa hasira. Kuibadili ni rahisi kuliko kubadili tairi: bolti sita kwenye habu, unaichomoa, unatia nyingine, gurudumu halijavuliwa. Kipande kilichobaki ndani unakivua kwa waya, tena waya uleule. Sasa tazama hekima ya waliounda gari: difu ya nyuma haikukaa katikati, imesogea kulia, kwa hiyo shafti ya kushoto ni ndefu kuliko ya kulia. Ukibeba ya kushoto itakatika ya kulia. Debe langu hubeba ya kushoto. Itakapokatika ya kulia, nitabonyeza kile kifundo cha njano, magurudumu ya mbele yatashika kazi, na gari litarudi nyumbani likivutwa na pua.

Oktoba 2024 Arusha iliandaa tamasha la Land Rover, magari yakapita barabarani msururu kwa msururu, mengine yameoshwa mpaka hayajitambui. Watu walipiga picha boneti, taa, rangi. Nilisubiri mtu mmoja tu ageuze kamera nyuma ya kiti. Si haki. Yale magari hayakufika Arusha kwa rangi. Hata Joginder Singh, aliposhinda Safari Rally mwaka 1965 pamoja na nduguye Jaswant, alikuwa ndani ya Volvo iliyokwisha onja mateso ya rally ya mwaka uliotangulia, na sababu mojawapo ya kushinda ni kwamba kabla ya kuwa dereva alikuwa fundi. Kombe likapigwa picha. Spana, je?

Trafiki nao hawalitambui. Wao huulizia pembetatu na mtungi wa kuzimia moto, wakaridhika. Pembetatu ninayo, lakini kila dereva wa barabara zetu anajua kwamba kinachosimamisha lori usiku ni matawi ya miti yaliyotandazwa kwa hatua, na kinachokata matawi hayo ni panga, na panga linakaa wapi?

Nikiri pia kwamba debe lina kelele, uzito na harufu, ingawa sioni kama hizo ni kasoro. Mama Rehema anaona. "Baba Rehema," aliniambia tukijiandaa kwenda Iringa kwenye harusi, "chagua moja. Hilo debe, au mimi na gauni langu." Nilimweleza kwa upole kwamba gauni halijawahi kumtoa mtu Mlima Kitonga. Alipanda basi. Alifika mapema, sikatai.

Na kweli ilikuwa Kitonga. Wanaoijua ile barabara wanajua kwamba ukishaiacha Ruaha Mbuyuni mlima unaanza bila kukusalimu, kona juu ya kona, na magari yanayochemsha yamejipanga pembeni boneti wazi kama viboko wanaopiga miayo. Chini kabisa palikuwa na Canter imebeba vitunguu, jiwe nyuma ya tairi, utingo amelala kivulini. Dereva wake, kijana, alinijia mbio.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Imekuwaje?"

"Mkanda wa feni, mzee. Umekatika hapahapa. Nikiwasha tu inachemsha."

Ndivyo inavyokuwa. Mkanda ule ndio unaozungusha pampu ya maji, na pampu isipozunguka maji husimama, joto likabaki ndani ya injini. Nikamwambia wa gari langu hautamfaa. Akasema, "Tuangalie tu, mzee, hilo debe nimelisikia tangu kule darajani." Tukalimwaga. Chini kabisa, chini ya plagi na koki ya tangi la maji ambayo sikumbuki ilifikaje, palikuwa na mkanda ambao si wa Land Rover, wala wa gari lolote nililowahi kumiliki. Uliingia humo kwa njia ambazo debe lenyewe ndilo linalozijua. Kijana aliupima kwa mkono, akauvisha, akaisogeza altaneta nyuma mpaka ukakaza, akawasha. Kimya. Hata utingo aliamka.

Hakutaka kusikia habari ya bei, nami sikuitaja. Alishusha kiroba cha vitunguu, akakipachika ndani ya debe, juu ya vyuma, akaondoka. Usiku ule, nyumbani kwa wakwe, Mama Rehema alikuwa akimenya na wifi zake. Akasimama, akanusa kisu. "Baba Rehema, hivi vitunguu vya wapi vinanuka giaboksi?"

Kuna wanaoniambia ninunue gari jipya. Nimeyaona. Unafungua boneti, unakuta plastiki moja kubwa, imefunika kila kitu kana kwamba injini ni aibu. Mengine hayana hata tairi la akiba; una kichupa cha dawa ya kuziba na kapampu ka umeme, na tairi likipasuka ubavu kichupa hicho unaweza kukitazama tu. Likizima unapiga simu, unasubiri mtu aje na kompyuta. Dereva wake hukaa ndani, vioo vimepandishwa, hamjui aliyesimama mbele yake wala nyuma yake. Hana cha kuazima, hana cha kuazimisha. Mimi kati ya Chalinze na Makambako nina watu wanaonidai koleo, na nina watu ninaowadai jeki, na sote tunapigiana honi.

Juzi alikuja mtu kuitazama Land Rover. Alikagua kama anayejua: alilala chini akaigonga chesisi kwa bisibisi, akasikiliza, akavuta breki ya mkono, akaomba niwashe. Iliwaka. Tukazungumza bei tukafika mahali pazuri, mpaka akatoa mkono. Halafu akauliza, kama mtu anayeuliza kitu kidogo, "Na debe linaondoka na gari, siyo mzee?"

Nikamwambia debe ni mazungumzo mengine.

Akanitazama. Akaongeza laki mbili. Nikatikisa kichwa. Akasema basi ataichukua hivyohivyo, anataka kufika nayo Morogoro leo leo. Nikamjibu ni sawa, funguo hizi hapa, Mungu amsaidie. Alizishika funguo, akaitazama barabara, akaitazama Land Rover, akalitazama debe, kisha akavuta kiti akakaa, akaomba chai, tukaanza upya.