Namna ya Kumwoza Tooke

Ukitaka kumwoza mgomba wa matooke, ndizi za kupika za Uganda, jua kwanza kwamba bibi harusi hataki kuolewa. Kule Kawanda, ukishika barabara ya Bombo kutoka Kampala, watafiti wa NARO, shirika la Uganda la utafiti wa kilimo, na wenzao wa taasisi ya kimataifa ya IITA wamekuwa wakimbembeleza tangu miaka ya 1990. Ana seti tatu za kromosomu, 33 kwa jumla. Zinapopaswa kujipanga mbilimbili, kila jozi hubaki na wa tatu anayehangaika. Ndiyo maana tunda halina mbegu, nasi tunalila kwa raha. Mkulima hupanda chipukizi, chipukizi hutoka sawa na mama yake, na ugonjwa wa Sigatoka nyeusi ukiingia hukuta shamba zima lina udhaifu uleule.

Mchumba atoke mbali. Mtafute Calcutta 4, ndizi-mwitu yenye asili ya Burma: kromosomu 22, tunda dogo lililojaa mbegu ngumu, lakini Sigatoka haimwezi. Amka alfajiri, panda ngazi, paka chavua yake kwenye maua ya kike ya Nakawere, aina mojawapo ya matooke. Mkungu ukikomaa, pekua kila tunda. Ukipata mbegu chache, shangilia, kisha toa viinitete uvioteshe maabara, maana udongoni nyingi hazioti.

Hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu bwana harusi haji peke yake, huja na ukoo. Jeni ya kinga ikikaa jirani na jeni ya tunda bovu kwenye kromosomu moja, zitahamia pamoja kwa mtoto unayemtarajia jikoni, mpaka siku kromosomu zitakapobadilishana vipande katikati ya jeni hizo mbili. Ujirani huo hupimika: katika watoto 100, akionekana mmoja tu aliyezitenganisha, umbali ni sentimogani 1. Alfred Sturtevant alichapisha ramani ya kwanza ya namna hii mwaka 1913, angali mwanafunzi, akitumia inzi wa matunda. Inzi huleta kizazi kipya kwa wiki mbili hivi. Mgomba hudai mwaka na zaidi, pamoja na shamba.

Kwa hiyo usichore ramani kwa tooke lenyewe. Tumia jamaa zake wa seti mbili. Na ukague mapema: baadhi ya ndizi-mwitu zina vipande vya kromosomu vilivyogeuka au kuhama, na hapo kubadilishana hupungua sana, ukoo ukashikamana kwa ukaidi. Ukizipata alama za DNA zilizo karibu na jeni unayoitaka, utaweza kuchagua miche ingali michanga, bila kungoja mkungu.

Baadhi ya watoto wa kwanza wa tooke na ndizi-mwitu hutoka na seti nne; hao waoze tena kwa wenye seti mbili, upate tatu. Kwa njia hiyo ilipatikana Kabana 6, yaani Kiwangaazi, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2010. Ukiletewa mkungu wake, uvike majani ya mgomba, uupike kwa mvuke, ule, kisha waambie watafiti ukweli kuhusu ladha na rangi. Wanauhitaji kabla ya harusi inayofuata.