Saa Mbili ya Shangazi

Ukiwa Holili na laini mbili za simu, huhitaji pasipoti kwenda Kenya. Simu inakwenda yenyewe. Tangu kituo cha pamoja cha mpakani cha Holili na Taveta kizinduliwe mwaka 2016, msafiri anayetoka huku anagongewa mihuri ya nchi zote mbili upande wa Taveta, basi, safari njema. Simu yangu haipangi hata foleni.

Nimeketi nyuma ya duka la shangazi, sahani ya machalari pembeni. Mtandao wa Tanzania umekata, nawasha laini ya Kenya kurushia kompyuta intaneti. Papo hapo akaunti ya seva inanifungia mlango: kuna mtu anajaribu kuingia kutoka Nairobi, je, ni wewe? Thibitisha kwa namba tuliyokutumia. Namba yenyewe imetumwa kwenye laini ya Tanzania, ile iliyokata. Nabeba simu juu kama mtu anayeangika taa, nazunguka migombani kutafuta nchi yangu.

Programu tuliyoiweka kwenye seva hiyo haikuwa na makuu. Shangazi anauza mahindi na maharage kwa wateja wa ng'ambo ya mpaka, na alitaka kila asubuhi ajue shilingi ya Kenya imeamkaje kabla wabadilisha fedha hawajamzunguka. Mistari michache ya Python inachukua bei, inatuma meseji. Seva yenyewe iko Cape Town, ambako AWS, wakodisha seva wa Amazon, walifungua kituo chao mwaka 2020. Kwa mtu wa Holili huo ni ujirani, ukilinganisha na kupiga hodi Ulaya.

"Iwe inaingia saa mbili," shangazi akasema. Mwenzangu, kijana wa Himo ninayejifunza naye, akaandika 2.

Sasa hapo ndipo pana kazi. Seva iko Cape Town lakini saa yake ni ya UTC, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Kwa hiyo 2 ya seva ni saa kumi na moja alfajiri Holili. Shangazi akaamshwa gizani na mlio wa simu, na saa hiyo mwanamke wa umri wake anajua habari ni moja tu. Alishajifunga kanga ya pili na kuwagongea majirani wawili ndipo akapata mtu wa kumsomea: msiba wenyewe ni bei ya shilingi.

Ilibidi tukae chini na karatasi. Saa mbili asubuhi ya shangazi ni 8 kwenye simu yake, ni 7 kwa mlinzi wa mlango huko Cape Town, na ni 5 kwa seva anayoilinda. Vitabu vya programu vina sura nzima juu ya saa za kanda. Sijaona kilichomwandikia Mswahili anayeanza kuhesabu jua linapochomoza.

Tukabadilisha, meseji ikaingia saa mbili kamili. Shangazi akafurahi, akataka na ya jioni, saa moja, kabla hajafunga hesabu. Mwenzangu akafungua kompyuta, akaandika 16.

Shangazi alikuwa amesimama nyuma yake, miwani puani. "Saa moja, baba," akasema. "Nani kakutajia kumi na sita?"