Ngeli za Wanaotaka Kujitenga

Nomino za Kiswahili zina ngeli zake. Ni haki basi watu wa mashambani Marekani, ambao kila baada ya miaka michache hutaka kujitenga na jimbo lao, nao wapangiwe zao. Mtafiti hajafika huko. Upungufu huo haujawahi kumzuia msomi yeyote.

Ngeli ya A-WA, viumbe hai. Mfano wake ni Jefferson, jimbo lililotakiwa kuundwa mwaka 1941. Mpakani mwa California na Oregon kulikuwa na shaba na magogo, ila barabara zilikuwa tope tupu na wakubwa wa majimbo yote mawili walitia pamba masikioni. Novemba 27 wanaume wa mji wa Yreka walisimama na bunduki za kuwindia kwenye Barabara Kuu namba 99, wakawagawia madereva tangazo kwamba watajitenga kila Alhamisi hadi watakapotangaza vinginevyo. (Ni nadra kwa tangazo la uhuru kuwa na ratiba.) Nembo yao ilikuwa karai la kuchekechea dhahabu lenye alama mbili za X: wametapeliwa huku, wametapeliwa na kule. Desemba 4 wakamwapisha gavana, Jaji John Childs. Desemba 7 Wajapani wakaipiga Pearl Harbor na kuiingiza Marekani vitani, na Alhamisi iliyofuata hakuna aliyejitenga. Aliyeondoka na kitu mkononi ni mwandishi wa habari Stanton Delaplane, aliyepata tuzo ya Pulitzer kwa kuyaripoti hayo.

Ngeli ya KU, vitenzi-jina: kununa, kulalamika, kupiga kura. Mwaka 2013 kaunti 11 za Colorado, zilizoudhiwa na sheria za bunduki na nishati zilizotungwa Denver, mji mkuu wa jimbo, ziliulizwa kama zinataka kutoka. Tano zikasema ndiyo. Sita zikakataa, ikiwemo Weld iliyoanzisha maneno yenyewe.

Ngeli ya PA-KU-MU, mahali. Hawa ni wa mashariki ya Oregon: hawataki kuhama, wanataka mpaka ndio uhame, waamke Idaho bila mtu kubeba hata sufuria.

Kinachowakwamisha wote ni Katiba, ibara ya 4, inayodai ridhaa ya bunge la jimbo linaloachwa na ya Kongresi pia. Ni khului kamili, talaka anayoiomba mke: mume aridhie, kisha kadhi apige muhuri. Na mume gani wa mjini ataachia mashamba?

Waliofaulu wanahitaji kiambishi, si ngeli: JI. Mwaka 1861 Virginia ilipojitoa katika Muungano, watu wa milimani upande wa magharibi walikutana katika mji wa Wheeling, wakaunda serikali wakaiita ndiyo Virginia halali, nayo baadaye ikawapa ruhusa ya kujitenga na Virginia. Walijiomba, wakajikubalia. Juni 20, 1863 West Virginia ikawa jimbo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipokwisha, Virginia ilienda mahakamani kudai irudishiwe kaunti mbili, ikashindwa mwaka 1871. Mojawapo inaitwa Jefferson.