Mlima Ndio Afisa Forodha

Kaa kijiweni Omurushaka, Karagwe, pale magari ya Kyerwa yanapoachana na ya Kayanga, uwasikilize wanaotoka na wanaokwenda Uganda kwa boda. Kila lililowafika njiani ni kosa la mpaka. Mtu kachelewa, mpaka. Trei ya mayai imefika ikiwa tayari kwa kukaangwa, mpaka. Kiatu kimoja hakijulikani kilipobaki, mpaka. Mimi naona mpaka unasingiziwa. Mpaka wenyewe uko Murongo, chini kabisa bondeni, juu ya Mto Kagera. Kuna daraja, na ng'ambo yake ni Kikagati, ambako Mnyambo wa upande wetu anayesalimia kwa Kinyambo anajibiwa kwa Kinyankole na wote wawili wanaelewana bila mkalimani. Penye milima mingi duniani mpaka huwekwa kileleni, msafiri akifika kwenye kizuizi ameshamaliza taabu ya kupanda. Sisi tuna mpaka wa shimoni, unaofikiwa kwa breki, baada ya zaidi ya kilometa 100 za vilima vya Nkwenda, Isingiro na Kaisho. Atakayefika pale salama, maafisa wa serikali hawana kipya cha kumtesa nacho.

Tuanze na pikipiki yenyewe, maana nayo ni shahidi. Injini inahitaji hewa, na hewa ya juu ni nyepesi: kila mita 1,000 kutoka usawa wa bahari huikata takriban asilimia 10 ya nguvu. Omurushaka ipo kwenye nyanda za mita 1,500 hivi. Kwa hiyo Boxer ya cc 100, iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi kama 8, inapofika huku farasi mmoja na ushee ameshatoroka, na hakuna aliyemwona akiondoka. Waliobaki wanapakiwa dereva, mama mwenye mtoto mgongoni, mkungu wa ndizi uliofungwa nyuma kwa ukanda wa mpira wa tairi, na kuku wawili wananing'inia kwenye usukani vichwa chini, wakiitazama Kyerwa kwa mtazamo wao. Kilima kikianza, dereva anateremka gia: ya tatu, ya pili, ya kwanza. Halafu inakuja ile ambayo hata fundi hawezi kukuonyesha ilipo: "Mama, naomba ushuke kidogo tuvuke hapa." Mama anashuka, anapanda kilima kwa miguu na mwanawe mgongoni, huku mkungu ukipita umekaa kwenye siti kama mheshimiwa. Kileleni anapanda tena, na nauli haipungui hata shilingi. Hapo afisa uhamiaji yuko wapi?

Kushuka ni kubaya zaidi, ingawa ndiko watu wanakokupenda. Petroli ya vijijini huuzwa kwa chupa za maji, na dereva anayejua bei yake huzima injini na kutoa gia kwenye mteremko ili kuokoa vijiko viwili. Kwa kufanya hivyo ameachana na breki ya injini, na kazi yote sasa inaangukia breki za ngoma, ambazo zikipata moto zinashika kidogo kidogo, kisha zinabaki kama jina tu. Ongeza mvua ya masika juu ya udongo mwekundu. Najua nitaambiwa ajali si jambo la kuchekea, na ni kweli: aliyevunjika mguu hachekeshi. Anayechekesha ni yule anayesimama kando ya pikipiki iliyolala mtaroni na kueleza kwamba tatizo ni Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Na wala pikipiki haikuleta mambo haya. Wapelelezi John Hanning Speke na James Grant walifika Karagwe mwaka 1861, wakakaribishwa na mtawala wake, Omukama Rumanyika. Grant akapata kidonda kibaya mguuni. Januari 1862 Speke akaondoka kwenda Buganda, mwenzake akabaki akiuguza mguu kwa miezi, na alipoanza safari ya kaskazini alibebwa kwa machela. Mkataba wa Waingereza na Wajerumani ulioanza kuchora mpaka huu ulitiwa saini mwaka 1890. Kwa hiyo wakati wa Grant hapakuwa na kizuizi, fomu wala muhuri, na bado abiria alichelewa, aliumwa, akafika mabegani mwa watu.

Wapo watakaonikumbusha makaratasi. Tangu 2014 Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanatembeleana kwa kitambulisho tu, ilhali Mtanzania anatakiwa pasipoti au hati ya safari. Nakubali, ni usumbufu. Lakini ni usumbufu unaojulikana kabla hujaondoka nyumbani. Hakuna hati inayoteleza kwa sababu jana mvua ilinyesha. Penye hoja nzito kidogo ni Rusumo, kwa wanaoelekea Rwanda. Pale unatoka mkono wa kushoto unaingia wa kulia, na mazoea ya boda wetu hayavuliwi kama koti. Kule abiria ni mmoja, naye ana kofia yake ngumu, kwa hiyo mshikaki wetu unaishia darajani. Hapo mpaka una kesi ya kujibu. Ila uzito wa kesi unapungua ukikumbuka saa: anayevuka saa sita mchana anaikuta saa tano ng'ambo. Ni mpaka wa ajabu, unakurudishia muda uliopotezewa na boda.

Limebaki dai moja, kwamba lami ikishafika Murongo mlima hautakuwa na la kusema. Lami ya kutoka Kyaka tunayo, na vilima viko palepale vilipokuwa. Lami itaondoa tope, na hilo si dogo. Lakini mteremko haung'oki, bei ya petroli haitashuka kwa heshima yake, na yule mwenye tabia ya kuzima injini atafika darajani mapema zaidi, pengine mapema kuliko alivyokusudia.