Barua ya Wazi kwa FDA Kuhusu Sigara Inayoipenda Dunia

Kwa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA)

Sigara ya Natural American Spirit ilianza kutengenezwa mwaka 1982 huko Santa Fe, New Mexico. Mwaka 2002 iliingia mikononi mwa kampuni kubwa ya R.J. Reynolds, lakini matangazo yake hayakuacha kusifu udongo, maji safi na kilimo hai, kana kwamba kinachouzwa ni mchicha.

Moshi wake hauna habari na sifa hizo. Tumbaku iliyokuzwa kwa samadi, ikishawashwa, hutoa lami, nikotini na monoksidi ya kaboni sawa na ile iliyopigwa dawa za viwandani, na mapafu hayajui kusoma paketi. Vichungi vya sigara kwa kawaida ni plastiki; Shirika la Afya Duniani hukadiria kuwa vipisi trilioni 4.5 huzagaa kila mwaka. Kwa hilo kampuni ilipata dawa: mwaka 2012 ikagharimia mpango wa kukusanya vipisi ili vitengenezwe vitu vingine. Mpango wa kukusanya mapafu bado haujatangazwa.

Agosti 2015 Mamlaka ilikunja uso. Iliionya kampuni kwamba maneno “asilia” na “bila viongezi” yanamfanya mvutaji aamini kuwa sigara hiyo ina madhara machache, dai ambalo kwa sheria ya mwaka 2009 halitolewi bila idhini ya Mamlaka yenyewe. Januari 2017 yakapatikana maafikiano, na hapo ndipo Mamlaka inapostahili pongezi za pekee. “Asilia” iliondolewa kwenye maelezo na matangazo, ikaachwa ndani ya jina la sigara, yaani pale inaposomwa na kila mtu. “Bila viongezi” ikafutwa pia, na paketi ikaruhusiwa kutaja kilichomo: tumbaku na maji.

Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku, katika ibara ya 11, hauachi mwanya huo. Unakataza hata jina la biashara linalopotosha kuhusu madhara. Kenya iliuridhia mwaka 2004, Tanzania mwaka 2007. Marekani ilitia saini mwaka 2004, na kalamu ikaishia hapo.

Mamlaka inaombwa ilifute neno “asilia” mahali pekee liliposalia. Nafasi itakayopatikana inatosha kuandikwa kwamba tumbaku huua zaidi ya watu milioni 7 kila mwaka.