Elfu Kumi Ilivyogeuka Tisini

Nyumbani kwetu Tabata kuna sheria ambayo haijaandikwa popote: kompyuta ikiharibika, aliyeiharibu ni mpwa wangu. Ana miaka 14, anapenda gemu za mpira na vidole vyake havitulii. Ushahidi wa nini tena?

Kwa hiyo kompyuta yetu ya mezani ilipoanza kuleta skrini ya bluu, sikusumbuka na uchunguzi. Nilimwita sebuleni, nikamsomea mashtaka, nikatoa hukumu papo hapo: wiki tatu haruhusiwi kugusa hata kipanya. "Lakini Mjomba, mimi sijafanya kitu." Nikamwambia ndivyo wanavyosema wote.

Jambo ambalo halikutajwa kwenye ile kesi ni kwamba siku kumi kabla yake, mimi mwenyewe nililifungua lile sanduku kwa bisibisi. (Ndilo lile ambalo mtaa mzima tunaliita sipiyu, ingawa sipiyu yenyewe ni kidude cha ukubwa wa biskuti kilichojificha humo ndani.)

Nilikuwa nimechoshwa na uzito wake. Ilikuwa na ramu ya giga 2, na ukifungua kurasa tatu za intaneti kwa pamoja ilihema kama mtu aliyepandisha gunia la mkaa ghorofa ya sita. Nikaenda Kariakoo. Kijana wa dukani akaniuliza, "Bosi, unataka DDR3 au DDR4?" Nami, kama msomi niliyefundishwa kuhesabu, nikachukua 4 kwa kuwa ni kubwa kuliko 3.

Wanaojua wameshaanza kucheka. DDR3 ina pini 240, DDR4 ina 288, na lile pengo dogo lililochongwa kati ya meno yake limewekwa mahali tofauti makusudi, ili watu wa aina yangu wasifanikiwe. Nilihangaika nayo dakika ishirini. Nilibana, nikageuza, nikaigandamiza kwa vidole gumba vyote viwili hadi madabodi ikatoa mlio, na mke wangu akauliza kutoka jikoni, "Baba watoto, kimevunjika nini huko?"

Kesho yake nikarudi dukani. Kijana alikuwa amenisahau kabisa, na huyo ndiye anayeuza kumbukumbu. Niliongeza elfu tano, akanipa DDR3 ya giga 4, mtumba. "Imetoka Ulaya hii, bosi, haijachoka." Safari hii iliingia yenyewe, ta!, vishikizo vikaikumbatia huku na huku. Kompyuta ikawaka. Nikajinunulia soda ya kujipongeza.

Skrini ya bluu ilipokuja, nilikuwa nimeshaisahau safari ile ya Kariakoo. Au tuseme ukweli: sikutaka kuikumbuka. Kila aliyepita akawa mganga. Jirani akasema virusi. Shemeji akasema umeme wetu hautulii. Fundi wa mtaani akasema nipige Windows upya. Nikapiga mara mbili, na mara ya pili ikazimikia katikati. Nilipofungua sanduku kufuta vumbi nikamkuta mjusi kafiri amekaukia nyuma ya feni, nikashusha pumzi, nikaona kesi imekwisha. Nikamzika marehemu kwenye kopo la taka. Skrini ya bluu ikarudi usiku uleule.

Hayo yote tungeyavumilia kama si kikoba.

Mke wangu ni katibu wa kikoba cha mtaa. Majina na madeni anayaandika kwenye Notepad, kwa sababu yale majedwali yenye vyumba vingi anasema yanamtia kizunguzungu. Jumapili ile alichapisha orodha steshenari, akaenda nayo kikaoni, akaisoma kwa sauti mbele ya wanachama wote. Mama mwenye genge la nyanya pale kona anadaiwa 90,000. Mama wa watu alikopa 10,000. Nimesimuliwa kwamba kwanza palikuwa kimya, kisha akasimama, akafungua kanga yake na kuifunga upya kiunoni, taratibu. Anayejua maana ya kanga kufungwa upya namna ile anajua kikao kilikoelekea. Kilichowanusuru ni daftari la karatasi la mweka hazina.

Mke wangu aliporudi nilitupa jicho upande wa mpwa, kwa mazoea tu. Akaliona. "Usimwangalie mtoto," akasema. "Hajaigusa wiki mbili sasa. Si ulimfungia wewe?"

Mtuhumiwa akakohoa kidogo. "Mjomba, ungepima ramu kwanza." Kumbe flashi yenye Memtest86+ alikuwa nayo siku zote, kapewa na mwenzake shuleni, ila hakuna aliyemuuliza.

Programu hiyo inafanya kazi kabla Windows haijaamka. Inaiandikia ramu mpangilio fulani, kisha inaiambia isome ilichoandikiwa, kama ustadhi wa madrasa na mtoto aliyeficha msahafu. Ikikosea, kosa linatokea jekundu. Niliiacha ikisomeshwa usiku kucha. Adhana ya alfajiri iliponiamsha, skrini ilikuwa nyekundu tupu.

Nikazima, nikachomoa waya wa umeme, nikang'oa ile ya Kariakoo na kuiacha kongwe yetu ya giga 2 ijaribiwe peke yake. Nusu saa nzima, safi kama pamba. Nikazibadilisha. Haikufika dakika nne. Nikaitoa, nikayasugua meno yake kwa raba niliyoichukua kwenye begi la shule la mpwa, nikairudisha. Nyekundu tena.

Ramu kwa asili ni sahaulifu. Kila biti ni chaji ndogo ya umeme inayovuja, na isiporudishiwa chaji kila milisekunde 64 au karibu na hapo, ilichokuwa ikikumbuka kinapotea. Ndivyo ilivyo tangu Robert Dennard wa IBM apewe hataza ya wazo hilo mwaka 1968. Sasa giga 4 zina biti zaidi ya bilioni 34, na humo ndani tarakimu 1 huandikwa 00110001, tarakimu 9 huandikwa 00111001. Zitazame vizuri. Sifuri moja ikijisahau ikawa moja, mama wa genge anadaiwa 80,000 ambazo hajazila. Siwezi kuapa kwamba ndivyo ilivyotokea, lakini mshukiwa mwingine sina.

Niliirudisha kongwe mahali pake. Nilikuwa bado nimeishika ile mbovu mkononi, mpwa alipopita na mswaki mdomoni.

"Shikamoo Mjomba."

"Marahaba."

Akaangalia skrini isiyo na wekundu. Akaangalia mkono wangu. Kibandiko cha duka la Kariakoo kilikuwa bado kinang'aa juu ya ramu. Akautoa mswaki. "Hiyo si ndiyo uliyoweka wewe?"

Nikamwambia awahi daladala.

Jioni nilimrudishia kipanya. Alikipokea kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kisha akanikabidhi karatasi. Alikuwa anadai fidia: siku 16, saa mbili kwa kila siku, jumla saa 32. Nikamuuliza mbona hakuiandika hesabu hiyo kwenye kompyuta. Akasema ile bado haiamini.