Magomeni Ipi?

Baba watoto alipotangaza kwamba likizo ya Juni tunakwenda kula bata Dar es Salaam kwa nauli tu, nilijua kuna daftari nyuma ya tangazo hilo. Kweli lilikuwepo. Malazi: bure, kwa wifi yangu Kigamboni. Kivuko: shilingi 200 kwa mtu mzima, na humo unapata upepo, meli za bandarini na maghorofa ya Posta yakikusogelea. Soko la samaki Feri: kutazama hakulipiwi. Coco Beach: hakuna kiingilio. Sabasaba alikuwa ameikata kwa wino mwekundu, eti kuna kiingilio, na matrekta hata Kilosa tunayo.

Sikubishana naye. Sisi wa Magomeni ya Kilosa tumezoea vya bure. Ukipanda basi la Morogoro kwenda Mikumi, barabara inakatiza hifadhini, na twiga unamwona dirishani huku mtalii wa gari la nyuma kamlipia kwa dola. Bahari ndiyo hatuna. Maji ya watoto wetu ni Mto Mkondoa, na nani atawaachia wausogelee? Tunaokumbuka mafuriko ya Desemba 2009, yaliyong'oa reli na kulaza watu kwenye mahema, tunawafukuza hata ukiwa wa kupita kwa miguu.

Basi Jumapili ile pale Coco waliingia majini kama waliofunguliwa kifungo. Kusi inavuma, mchanga unaingia machoni, hakuna anayejali. Simu yangu ilipigishwa picha mpaka ikazima. Baba watoto alinunua muhogo mmoja, ule wa kuchoma, uliopasuliwa katikati ukapakwa chumvi, ndimu na pilipili, akaugawa vipande vitano kwa haki kabisa. Wifi alikataa chake kwa heshima. Tulipohesabu watoto ili tuondoke, kitinda mimba hayupo.

Sitaki kueleza saa ile. Niseme tu kwamba wifi, ambaye kwa kawaida humwita mume wangu "kaka", alimwita jina lake kamili, na la baba yake, mbele za watu. Tulizunguka kote, polisi tukaandikisha, tukarudi tena pale mchangani. Ndipo kijana mmoja wa mihogo akasema, "Yule dogo wa kaptura ya bluu? Kaondoka na mama anayeuza pale pembeni. Alipiga namba aliyotajiwa, haipatikani. Dogo kasema kwao Magomeni, mama naye anakaa Magomeni, akaona ampeleke."

Mtoto hakudanganya. Alipoulizwa Magomeni ipi, alijibu kwa adabu zote: ile ya karibu na Mikumi. Na Dar hiyo ipo, Magomeni Mikumi, kila dereva wa bajaji anaijua.

Bajaji ilitaka hela ambayo haikuwa daftarini. Baba watoto alifungua mdomo apatane, wifi akamtazama, akapanda.

Tulimkuta kibarazani kwa mjumbe, sahani ya chipsi mayai magotini, soda mkononi, kazungukwa na watu wazima wasiopungua sita. Alikuwa akiwasomesha. "Hii siyo Magomeni," aliwaambia, tena kwa kuwaonea huruma. "Milima yake iko wapi?" Mzee mmoja alijaribu kumwonyesha msikiti. Akasema msikiti hata kwao upo, yeye anauliza milima.

Nililia, yule mama wa mihogo akalia, tukashikana kama ndugu. Alikuwa ameacha biashara mapema, saa ambayo wateja ndio wanaanza kumiminika, kwa ajili ya mtoto asiyemjua. Hakutaka hata shilingi. Baba watoto alishukuru sana, kisha akauliza taratibu chipsi kalipa nani. Mjumbe akajibu kuwa mtaa umechanga.

Usiku, kwenye kivuko, dogo aliwasimulia dada zake: kapanda bodaboda, kanywa soda peke yake bila kugawana, kala chipsi mayai nzima, na kapewa mia tano na bibi mmoja asiyemjua. Dada mkubwa alisikiliza kimya, akilini bado ana kile kipande chake cha muhogo. Kisha akamgeukia baba yake akauliza mwakani ni zamu ya nani kupotea.